Mbuzi wa Nyuma ya Maabara

Kaltuma alimtambua kwa sikio lililokatwa alama ya boma lake. Mbuzi aliyemleta Isiolo mwaka ule wa 1981 atibiwe, akaambiwa amekufa, alikuwa amefungwa nyuma ya maabara ya mifugo, shingo imenyolewa.

"Anatusaidia, mama," daktari alisema, akamwingiza maabarani, akamwonyesha chupa yenye joto. Ndani, minyoo myembamba ilijisokota katika damu.

"Hii minyoo inamaliza mbuzi wetu kule Merti, na wewe unaifuga?"

"Tunaijaribia dawa. Bila damu ya huyu itakufa yote, na dawa hatutaipata."

Kaltuma aliitazama minyoo. Huenda daktari alisema kweli.

"Mbona uliniambia amekufa?"

Daktari akairudisha chupa mahali pake.

Kaltuma akatoka nje, akaanza kufungua kamba.