Dalali wa Saa Tatu

Saa tatu kamili asubuhi, Monsieur Coppens alisimama kando ya kitanda akiwa na pajama mwilini na tai shingoni, akanyoosha mkono kuelekea kabati la nguo.

"Uza zote," aliliamuru kabati.

"Zimeuzwa, papa," aliitika Viviane, mlezi wake, akaipokea karatasi ambayo mzee alikwisha kuitia sahihi.

Hélène, binti wa mzee, alitazama kutoka mlangoni kwa huruma ya mtu mwenye haraka. Baba yake alikuwa dalali wa hisa miaka thelathini, enzi wanaume walipopigiana kelele za bei chini ya kuba la Bourse, jumba la soko la hisa, hadi kompyuta zikaja kufanya kazi ile ile bila kukohoa. Sasa, mwaka 2008, soko lilikuwa ndani ya waya, na jumba lile la nguzo lilikodishwa kwa maonyesho. Mzee peke yake ndiye ambaye hakuarifiwa.

Majira yote ya kuchipua aliuza hisa zake za benki moja iliyosifiwa na kila mtu mwenye akili. Hélène alikuwa na akili. Yeye aliongeza kununua.

"Mwitikie tu," alimwambia Viviane, akitupia jicho kapu la taka. "Karatasi zake unajua pa kuzipeleka."

"Najua, Madame."

Viviane alitoka Lubumbashi. Mzee alimalizia ujana wake huko huko, basi wawili hao walishinda wakiongea Kiswahili cha kule, lugha ambayo Hélène hakuielewa hata neno, wala hakuona hasara. Tangu Pasaka hakumlipa Viviane mshahara. Alimlipa ahadi, ambazo hazina kodi.

Mwezi wa kumi, benki ikaanguka. Hisa iliyotosha mlo wa heshima haikununua tena kikombe cha kahawa. Hélène alilia siku mbili. Barua za benki zilizomjia baba yake alizirundika bila kuzifungua; nani hufungua barua ya msiba anaoujua?

Siku ya tatu machozi yalikauka, akapata wazo.

Alifika mtaa wa Forest, nyumbani kwa baba yake, na hati kutoka kwa wakili. Akaunti ya hisa ya Monsieur Coppens, pamoja na chochote kilichomo, ingekuwa mali ya Viviane, badala ya mishahara yote anayodai.

"Siku moja zitapanda tena," Hélène alisema kwa upole. "Sisi si watu wa kusahau wema."

Viviane aliisoma hati mara mbili. "Madame ana hakika?"

"Kabisa."

Mzee alitia sahihi bila hata kutafuta miwani. Hélène akatia yake, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Aibu kidogo ilimgusa, akaimeza. Akachukua koti lake.

Nyuma yake mzee alimgeukia Viviane, akasema taratibu kwa lugha yao: "Donc, uliuzisha yote?"

"Yote, papa. Tangu mwezi ya tano. Feza iko mule mule ku compte ya hisa."

"Bon. Sasa iko yako."

Hélène alikuwa akifunga kifungo cha mwisho cha koti. "Anasema nini?"

"Anasema uangalie ngazi, Madame. Mvua imenyesha, zinateleza."