Uzito wa Mama

Sheria haikubembeleza mtu: humbebi mgonjwa wako mpaka unyanyue chuma chenye uzito wake mbele ya kocha. Ukishindwa, anachukuliwa na Nyumba ya Matunzo, na humwoni tena.

Ndiyo maana Mwajabu, aliyembeba mama yake msalani miaka yote bila kuomba ruhusa ya mtu, alijikuta jimu, katikati ya midume inayojibusu kwenye vioo na kuguna kama inajifungua.

“Kunja magoti, dada. Mgongo unyooke,” alisema Kocha Festo, akitafuna bablishi.

Mwajabu alimtazama kwa kinyaa. Mikono yote hiyo, na haijawahi kumwogesha mzee! Akashika chuma, akavuta. Safari hii kikapanda mpaka kiunoni.

“Umefaulu,” Festo akasema. “Ila usijione jabali. Kitanda cha mama yako kinatutumia uzito wake kila asubuhi. Tangu uanze mazoezi, kazi yangu ni kukupunguzia vyuma tu.”

Mwajabu akamsonya, akachukua kibali chake, akaondoka.

Nyumbani, paka alikuwa uvunguni akilamba uji kwenye bakuli la mama. Alikuwa amenenepa, yule paka.

“Umefaulu?” mama akauliza.

“Nimefaulu. Mama, mbona uji…”

“Ulitaka nikungoje mpaka uote misuli?” Mama akabetua midomo. “Haya, nibebe.”

Mwajabu akakunja magoti kama alivyofundishwa, akavuta kwa nguvu zake zote, nusura amgongeshe mama darini.