Mkalimani wa Nyuki

Sekunde ya nne ilipita, na ndani ya hedifoni mlikuwa na mvumo mwembamba tu. Hakuna neno.

Mkalimani aliusogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha kibanda chake, kule juu kabisa nyuma ya ukumbi. Chini jukwaani, mbali kama mtu aliye upande wa pili wa uwanja wa mpira, mtaalamu wa nyuki aliyetoka nchi ya mbali alikuwa ameshika kipaza sauti, na midomo yake inakwenda. Wafugaji mia nane walikuwa wamejivika hedifoni zao, wakisubiri waambiwe mgeni anasema nini. Na katika jengo lote lile la mikutano, lenye kumbi kumi na mbili na ngazi zinazopanda zenyewe, aliyeijua lugha ya mgeni alikuwa mmoja tu: yeye.

Sekunde ya tano.

Karibu na mlango wa ukumbi alikaa mkuu wa wakalimani, hedifoni masikioni, macho kwenye saa. Mkuu huyo ni mume wa dada yake. Mwezi uliopita mkalimani alipigwa na bumbuwazi katikati ya mkutano wa madaktari, akanyamaza nusu dakika nzima. Kwa hiyo asubuhi ile mkuu alikuwa amemvuta pembeni.

"Shemeji, nyumbani nitakumiminia chai kwa mkono wangu. Hapa hakuna ushemeji. Ukinyamaza tena sekunde kumi, kibarua kimeota nyasi. Na dada yako asije kunililia."

Sekunde ya saba. Alimkanyaga fundi mitambo aliyekaa ubavuni mwake.

"Sisikii kitu!"

Fundi akavuta waya, akabonyeza hiki na kile, akapandisha mabega. "Taa zote kijani, dada. Chombo kizima."

Sekunde ya tisa, mkalimani akajitosa.

"Mabibi na mabwana," akasema, "nimekuja kwenu na shukrani nyingi."

Shukrani hazijawahi kumgombanisha mtu. Ila baada ya shukrani kulikuwa na nyuki, na kuhusu nyuki alikuwa na maneno sitini tu, aliyoyakariri siku tatu mfululizo huku akipiga pasi: malkia, mzinga, sega, nta, chavua. Akaanza kuyatoa moja moja, taratibu, kama mwenye unga kidogo na wageni wengi, huku akimkodolea macho mgeni, asije mgeni akacheka wakati yeye anasimulia msiba.

Ghafla mgeni akageukia pembeni mwa jukwaa, walikokaa waandaaji, akawapungia mkono. Akapunga tena, kwa nguvu zaidi.

"Na hawa waandaaji wetu," mkalimani akadakia, "naomba muwapigie makofi!"

Ukumbi ukalipuka. Waandaaji wakasimama, wakafunga vifungo vya makoti, wakainama kwa heshima, wakaketi.

Mgeni akajishika koo.

"Maana nyuki, ndugu zangu, wana kiu! Tunawapa mizinga mizuri, tunawasahau maji!"

Mgeni akachukua glasi, akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Wafugaji wakaguna kwa kuridhika. Wengine wakaanza kuandika.

Fundi, aliyekuwa amechomoka nje, akarudi mbio kutoka kibanda cha jirani na hedifoni nyingine. Mkalimani akabadilisha bila kukata sentensi. Mvumo uleule.

"Mimi nakusikia wewe tu," fundi akanong'ona. "Na unatiririka, mashallah."

Hapo ndipo mzee mmoja wa safu ya mbele alipovua hedifoni zake. Akatega sikio kuelekea jukwaani. Akakunja uso. Kisha akageuka na kukitazama kibanda kile cha kioo.

Jasho likamshuka mkalimani mpaka kiunoni. Mzee anaijua lugha! Sasa atasimama, atanyoosha kidole, na wafugaji mia nane watageuza shingo. Akaisukuma sauti mbele hivyo hivyo: malkia ni mama, mzinga ni nyumba, na nyumba isiyo na maji haikaliki. Mzee akatikisa kichwa, akachokonoa sikio kwa kidole kidogo, akavaa tena hedifoni na kuzikandamiza kwa mikono miwili.

Mgeni akatandaza mikono, kama mtu aliyefika mwisho wa uwezo wake.

"Niseme nini zaidi?" akamalizia mkalimani. "Ahsanteni sana."

Watu wakasimama. Makofi yakatikisa kioo cha kibanda. Dakika kumi na nane tangu alipojitosa, na hakuna ukimya hata wa sekunde tatu.

Hakuwahi hata kujifuta jasho, mlango wa kibanda ukafunguliwa. Aliingia shemeji yake, uso mkavu usiosomeka, na nyuma yake mtaalamu wa nyuki mwenyewe. Fundi akajifanya anakunja waya.

"Mgeni kagoma kuondoka mpaka akuone," shemeji akasema, akinyoosha kikaratasi. "Kaandika hiki. Mimi sijui hata herufi moja. Soma, shemeji. Soma tusikie umemfanya nini."

Alikipokea, akakisogeza kwenye taa. Mwandiko ulikuwa wa haraka, wa mtu mwenye hofu.

"Dada, sauti ilinikauka tangu kwenye ndege. Nilipanda jukwaani nikidhani itarudi. Haikurudi, sikutoa hata neno moja, na kila nilipotaka kushuka, watu walipiga makofi. Sasa waandishi wa habari wamejaa mlangoni. Nakuomba, niambie upesi: nilisema nini?"