Mistari ya Chokaa

"Kuchora chochote kwenye barabara ya serikali ni kosa," hakimu alisoma kwenye kitabu cha sheria kilicholiwa na mende.

"Barabara ni ya serikali, na watoto ni wa nani?" Mwalimu Zawena aliuliza. "Sheria hiyo ilitungwa mji huu ukiwa na magari mawili, Mheshimiwa. Mwaka huu tumezika wanafunzi watatu waliogongwa mbele ya shule. Nimeomba kivuko cha watembea kwa miguu mpaka nimechoka, ndipo nikakichora mwenyewe kwa chokaa."

"Sheria ni sheria. Utaifuta mistari hiyo kwa mkono wako."

Kesho yake asubuhi Mwalimu Zawena alipiga magoti katikati ya lami mbele ya shule, na ndoo na brashi, koplo akimsimamia. Malori yaliyozoea kupita hapo kama yaliyokatika breki yalisimama yote, na watoto wakavuka nyuma yake kuingia shuleni.

Ilipofika saa sita, koplo alichoka. "Mwalimu, mstari mmoja tangu asubuhi?"

"Hakimu kasema nifute, afande. Kasema nimalize lini?"

Alichovya brashi, akaitazama mistari minane iliyobaki, kisha akatazama getini, ambako watoto wa chekechea walikuwa wakishikana mikono, tayari kwenda nyumbani.