Kahawa ya Chupa Nyekundu

Funda la kwanza tu, mjane akajua ameipata.

Tangu mazishi alikuwa akizunguka mji na chupa ya chai ya mumewe, ile nyekundu iliyofungwa utepe kwenye mpini, akionja kahawa mgahawa baada ya mgahawa. Nyingine maji ya kuoshea sufuria, nyingine masizi matupu. Marehemu alikuwa akirudi nayo kila jioni, imejaa, bado ya moto, na akiulizwa kainunua wapi hucheka tu: "Wewe kunywa, mke wangu."

Sasa ndiyo hii hapa, nzito, chungu bila kukwaruza koo. Alingoja machozi. Hayakuja. Ulimi ulikuwa umeungua kidogo, basi.

Mwanamke mwenye mgahawa alikuja kufuta meza, akaiona chupa. Akaishika palepale penye utepe, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Huu utepe nilifunga mimi," alisema, uso ukimchanua. "Kumbe dada yake ndiye wewe, anayepelekewa kahawa kila jioni! Karibu, wifi, karibu sana. Hebu niambie, kaka yako mbona kanisusa hivi? Hata simu hapokei. Nimemkosea nini?"

Mjane alikitazama kile kidole, bado kikienda na kurudi juu ya utepe. Akainywa kahawa yake yote, mpaka kwenye mashapo.

Kisha akavuta kiti cha pili.

"Kaa kwanza, wifi," alisema.