Nepi za Kutokea

“Njoo ujionee mwenyewe!” mama mkwe aliita, akiwa amemshika mjukuu miguu juu kama kuku anayepelekwa sokoni. “Hii ni ngozi au nyanya iliyoiva?”

Mke alimwacha mteja wake sebuleni, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, akaja na kitana mkononi. Mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu, yamejaa vipele.

“Nepi zenu hizi za dukani ndizo zinazomuunguza. Kuanzia leo atavaa vitambaa, kama alivyovaa baba yake.”

“Na wa kufua nani, mama? Mimi nashinda na vichwa vya watu.”

“Nitafua mimi.”

Mume, fundi wa mafriji, alikuwa upande wa mama yake kabla hata hajaulizwa. Basi bibi akachana mashuka mawili ya zamani, akayakata vipande vya mraba, akapinda kingo kwa mkono. Wiki haikuisha, ngozi ya mtoto ikarudi kuwa laini. Mke hakupenda kushindwa na mtu, sembuse mama mkwe, lakini alikiri kwa nusu mdomo kwamba vitambaa vimesaidia. Nepi za dukani zilizobaki akaziweka juu ya kabati. Hizo zingekuwa za kutokea: kliniki, harusi, safari.

Siku ya kliniki alipopeleka mkono juu ya kabati, alikuta pakiti tupu.

Akanunua nyingine. Nayo ikaanza kukonda. Nyumba nzima ilikuwa na watu wazima watatu, na mume hakujua hata nepi inavaliwa mbele au nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako, mke alijisemea, akaanza kumchunguza mama mkwe.

Akaona mengi. Bibi aliyelalamikia magoti kila akiombwa afuate chumvi dukani, sasa takataka alizipeleka jalalani mwenyewe, mfuko mweusi umefungwa fundo juu ya fundo. Chumba chake alikitia kufuli. Harusi ya jirani aliikataa, eti ngoma zinamuumiza kichwa. Chai aliimwaga kwenye sinki akidhani haonekani. Hata kochi alilikimbia, akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kama mtu mwenye ahadi nje. Kila alfajiri alikuwa ameshafua, nepi na mashuka yake kwenye beseni moja. Mke akilalamikia harufu, jibu lilikuwa tayari.

“Nyumba yenye mtoto mchanga hainukii marashi, mwanangu.”

Mtaa wa nyuma kulikuwa na mwanamke aliyejifungua mapacha. Mke hakuhitaji mpiga ramli.

Jumapili, chakula kikiwa mezani, alilitoa mbele ya mumewe. “Mama, nepi za mtoto zinakwenda wapi?”

Mume alicheka kidogo, kicheko cha kuomba mambo yaishe. “Jamani, mama hawezi…”

“Mwache ajibu.”

Bibi aliweka kijiko chini. “Nimeziuza,” alisema.

“Umemuuzia nani?”

“Watu.”

“Ungeniomba tu, mama,” mume alisema. “Lini uliniambia una shida nikakugeuzia mgongo?”

“Kuna vitu haviombwi, mwanangu.”

“Mtu mzima hovyo!” mke alifoka, na hakuna aliyemkanya. “Anamwibia mjukuu wake mwenyewe! Mimi hapa simtaki. Aende kwa binti yake.”

Bibi hakubisha. Aliomba jambo moja tu, aachwe mpaka mtoto atakapoanza kutembea, aione hatua ya kwanza, kisha ataondoka bila kufukuzwa. Mke alisema hapana.

Mume alimfuata mama yake hadi mlangoni mwa chumba. Alimpenda, hilo lisemwe. Ila alipenda amani zaidi, na amani ya nyumba ile ilikuwa mikononi mwa mkewe.

“Nipe sababu tu, mama,” alimnong'oneza. “Sababu yoyote. Nikiwa nayo nitasimama nikutetee, na utabaki.”

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, mtoto wake huyu mwenye ndevu, anayemwona mama yake kuwa mwanamke asiyeshindwa na jambo.

“Sababu ni tamaa,” alisema, akafunga mlango akakunja nguo zake.

Kesho yake asubuhi alipanda basi kwenda mji wa binti yake. Mjukuu alimnyooshea mikono akilia mpaka sauti ikamkauka. Mke alisimama mlangoni, akaona ameshinda, na moyo ukamtulia.

Jioni alikuwa ameinamia beseni, kwa mara ya kwanza akizifua nepi mwenyewe, simu ilipolia. Ni wifi yake, yule binti. Mke aliibana simu kwa bega, mikono imejaa povu.

“Kabla hujasema lolote, wifi yangu, funga makabati yako. Mama yenu ana mkono mrefu.”



“Nimetoka kumvua nguo nimwogeshe,” wifi alisema. “Safari yote hiyo hakunywa hata tone la maji. Ndani amevaa nepi mbili za mtoto, amezishikiza kwa pini, zimelowa chapachapa, na analia ananiapisha kaka asijue. Wewe mwanamke mwenzake, uliyelala naye nyumba moja, hukuona?”