Mbuzi Aliyechagua Majani ya Chini

Ugenini niliwahi kunywa maji ya ndimu yaliyoletwa ya kunawia mikono, nikamsifu mpishi kwa supu tamu. Walipocheka, nikamkumbuka Mbuzi.

Mbuzi huyo alikuta kichaka kimestawi katika jangwa la chumvi tupu.

"Mzee Ngamia, ya chini ni yangu, yamekolea chumvi," alisema. "Wewe kula hayo ya juu, chapwa."

"Haya, bwana mdogo."

Mbuzi akala mpaka tumbo likavimba. Kiu ikamshika, na kisima kiko mwendo wa siku nzima.

"Kichaka, ndugu yangu," akalalama, "na chumvi yote hii unaishije?"

"Naisukumia kwenye majani makuukuu ya chini, kisha nayaangusha," akajibu Kichaka. "Umekula taka zangu."